Ndege wa kilishioni anaumwa: soma dalili kabla ya kuosha chochote

Wenzake wote waliruka nilipofungua mlango wa nyuma. Yeye alibaki. Alikuwa chiriku dume mwenye kichwa na kifua chekundu, yule ambaye hapa Ohio wanamwita house finch, ameng'ang'ania kijiti cha kilishio, yaani chombo cha kuwalishia ndege, na kumenya mbegu ya alizeti polepole kama mzee asiye na meno. Nilipozunguka upande wa pili ndipo nikaelewa. Jicho la kulia lilikuwa limevimba na kuziba kabisa, manyoya ya pembeni yameshikamana kwa usaha uliokauka. Hakuwa jasiri, hakuniona tu.

Nimekulia Morogoro kwa mama aliyefuga kuku wa kienyeji, kwa hiyo jicho la namna hiyo halikuwa geni kwangu. Kilichonishtua ni kulikuta kwa ndege wa porini, tena juu ya chombo nilichokitundika kwa mikono yangu.

Kilishio ni sahani moja inayoliwa na mtaa mzima. Porini hutaona chiriku ishirini wakigusa kitu kimoja kwa mdomo ndani ya saa moja, lakini kilishioni wanagusa, na wakimaliza wanajisaidia hapohapo. Ndege akiugua hapo, angalia kwanza anaumwa wapi mwilini. Sehemu inayoumwa ndiyo itakayokuambia kosa liko kwenye matundu, kwenye trei, kwenye maji au ndani ya mfuko wa mbegu. Ninayoyaandika yanawahusu zaidi tunaoishi Marekani na Uingereza, ambako kulisha ndege uani ni kama desturi. Ila hata wewe wa Arusha au Nairobi mwenye beseni la maji bustanini, au mwenye njiwa darini, utakuta lako humu.

Mtazame kwanza, dakika kumi

Usikimbilie kushusha chombo kabla hujaona. Tumia darubini, au simu ukiivuta picha. Angalia macho, kisha mdomo na shingo, miguu, namna anavyopumua, na mwisho anavyoshtuka.

Hili la mwisho ndilo linalowapoteza wengi. Januari, baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, kila ndege anatutumua manyoya mpaka anakuwa kama mpira. Hilo ni blanketi lake. Mzima akikuona anapungua ghafla, anakuwa mwembamba, anaruka. Mgonjwa anabaki mpira vilevile hata ukimkaribia hatua tatu.

Jicho limevimba, limeziba, lina ukoko

Mshukiwa wa kwanza ni bakteria anayeitwa Mycoplasma gallisepticum. Mfugaji wa kuku anamjua hata kama hajui jina lake: ndiye huleta yale mafua sugu, kuku anapiga chafya, usiku anakoroma, uso unamvimba. Majira ya baridi ya 1994 watu wa viunga vya Washington, D.C. walianza kuona chiriku wenye macho mabovu kwenye vilishio vyao, na ndani ya miaka michache ugonjwa ukawa umeenea mashariki yote ya Marekani. Chiriku hawa wenyewe ni wahamiaji upande huu wa nchi. Kwao ni magharibi. Mnamo 1940 wauza ndege wa New York, waliokuwa wakiwauza kinyume cha sheria, waliwafungulia vizimba ili wasikamatwe nao, na hao wachache ndio waliozaa mamilioni ya leo. Damu yao inakaribiana mno, na hilo linadhaniwa kuwa lilichangia ugonjwa kuwapata kirahisi.

Sasa tazama anavyokula. Kilishio cha bomba kina matundu madogo. Chiriku anaingiza kichwa, na ukingo wa tundu unapita juu ya jicho. Ute unabaki pale. Anayefuata anaupangusa kwa jicho lake. Juu ya hapo, mgonjwa asiyeona vizuri hawezi kutafuta chakula kwingine, kwa hiyo anakaa kilishioni kuliko wote na kuacha ute mwingi kuliko wote. Chiriku wa njano nao huambukizwa.

Usilichanganye na jeraha: ndege aliyepigwa au kugonga kitu huwa na jicho moja baya lisilo na ukoko, na hakuna mwenzake mwenye hali hiyo. Wala usilichanganye na ndui, ambayo huota kinundu kikavu juu ya kope bila ute.

Cha kufanya: shusha vilishio vyote kwa wiki mbili, hata kama umeona mgonjwa mmoja tu. Mimi nilishusha siku ileile. Huyo mmoja unayemwona ametokea kwenye kundi, na kundi hilo linazunguka uani kwako na kwa majirani wanne. Wengi wanaopata ugonjwa huu hupona wasipowahiwa na paka au mwewe, na bakteria huyu hamdhuru binadamu. Ukirudisha, tafuta chombo cha wavu au chenye kijiti kirefu, ambacho ndege anadonoa kwa nje bila kuingiza kichwa.

Lakini jicho bovu likiandamana na kupepesuka au kutetemeka, acha kubashiri. Kuanzia Mei 2021 makinda ya ndege kadhaa, hasa blue jay, grackle na kwezi, yalianza kuokotwa hivyo Washington, D.C., Virginia na Maryland, na baadaye hata huku Ohio. Tuliambiwa tushushe vilishio. Maabara zikapima bakteria wa salmonela, mafua ya ndege, mdondo, virusi vya West Nile na mengine, vyote havikuonekana kuwa chanzo. Majira ya joto yalipokwisha, wagonjwa wakatoweka, na chanzo hakikupatikana. Kwa dalili hizo, shusha na uwataarifu watu wa wanyamapori wa jimbo lako.

Amejikunyata, hakimbii, kesho yake umemwokota

Hii ni salmonela mpaka ithibitishwe vingine, na kwangu ndiyo inayotisha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoweza kuingia ndani ya nyumba. Ndege analegea, anafumba macho mchana, manyoya ya matakoni yamechafuka. Baada ya siku moja au mbili amekufa, mara nyingi chini kabisa ya kilishio.

Njia yake ni kinyesi. Trei pana na meza za kulishia ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa ndege anasimama ndani ya chakula. Majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021, misonobari ya misitu ya Kanada ilizaa koni chache. Chiriku wadogo wenye michirizi, pine siskin, wakashuka kusini kwa makundi makubwa, wakajazana kwenye vilishio vya watu, na vifo vikaanza. Majimbo ya Washington, Oregon na California yaliwaomba wananchi wavishushe. Kabla haijaisha, watu 29 katika majimbo 12 walikuwa wamethibitishwa kuugua salmonela iliyohusishwa na ndege hao. Wengine walikuwa wamegusa ndege au kilishio. Wengine wana paka au mbwa aliyefanya hivyo kwa niaba yao.

Kwa hiyo ukiokota maiti mbili ndani ya wiki, usibaki na kisingizio. Shusha kila kitu, pamoja na beseni la maji. Kwangua udongo wa chini ya kilishio, ule mchanganyiko wa maganda, mbegu zilizooza na kinyesi, uufunge kwenye mfuko wa taka. Wasioosha chini huosha bure: ndege wa kuokota chini kama shorewanda na tetere watakula palepale na kuanza upya. Ukirudisha, achana na trei. Kama huwezi kuachana nayo, weka chakula cha siku moja tu, jioni ibaki tupu.

Kidevu kimelowa, chakula kinamrudia

Anajaribu kumeza, anashindwa, anatema mbegu iliyolowa mate, shingo inaonekana imevimba. Aliyefuga njiwa hahitaji kuambiwa. Ukimfungua kinda mdomo unakuta utando wa njano kama maziwa yaliyoganda umeziba koo. Kimelea chake ni Trichomonas gallinae, na njiwa wamekuwa nacho tangu zamani. Huhama kwa mate, iwe mzazi anapomlisha kinda au ndege anapotema mbegu na mwenzake kuiokota.

Uingereza ndiko kilikofanya maafa. Mwaka 2005 kilionekana kwa chiriku, mwaka uliofuata kikawa mlipuko, na kati ya 2006 na 2009 idadi ya chiriku wa kijani ilishuka kutoka takriban milioni 4.3 hadi milioni 2.8. Mwaka 2021 ndege huyo, aliyekuwa wa kawaida bustanini, aliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Mlio ule wa kila asubuhi ukanyamaza katika mitaa mingi. Mapema 2025 shirika kubwa la hifadhi ya ndege la huko, RSPB, lilisimamisha kuuza vilishio bapa kwa sababu ya wasiwasi huohuo.

Udhaifu wa kimelea hiki ni ukavu. Kikikauka, kinakufa. Kwa hiyo kosa lako lazima litakuwa penye unyevu: mbegu zilizonyeshewa na mvua, trei isiyo na matundu ya kutoa maji, au beseni. Beseni mwaga kila siku, lisugue, lijaze maji mapya, na kila unapoweza liache likauke juani kabla ya kulijaza tena. Ukiona dalili hizi na njiwa wanakuja kwako kwa wingi, acha kabisa kumwaga chakula chini.

Vinundu, magamba na vidole vilivyonenepa

Vinundu kwenye sehemu zisizo na manyoya, yaani pembeni mwa mdomo, kwenye kope na miguuni, ni ndui ya ndege. Ni ndugu wa ndui ya kuku, na mbu huisambaza kama anavyosambaza ile ya kuku. Kwa hiyo pamoja na kilishio, mwaga maji yaliyotuama uani: ndoo, tairi, sahani za maua. Wengi hupona kama kinundu hakijaziba jicho au mdomo.

Miguu yenye magamba meupe kama imepakwa simenti ni utitiri. Inaonekana vibaya, lakini ndege wengi huishi nayo. Osha vijiti wanavyotua, basi.

Anahema mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka

Hapa usitazame kilishio. Fungua mfuko wa mbegu, uingize mkono mpaka chini, unuse.

Harufu ya ukungu ikikupiga, umeshapata jibu. Kuvu aina ya Aspergillus huota kwenye nafaka yenye unyevu, na ndege akivuta vumbi lake linaota ndani ya mapafu. Binamu yake mwingine hutoa sumukuvu, na hilo ni neno ambalo mkulima wa mahindi wa Afrika Mashariki halihitaji kutafsiriwa: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika Ukambani, Kenya. Karanga na mahindi ni hatari hizohizo kwa ndege, na ini la ndege wa gramu ishirini halina pa kujificha. Mbegu za bei poa zilizochanganywa na mahindi ndizo zinazokaa garini, zikaja gereji, zikakaa hadi kiangazi. Mimi niliwahi kununua mfuko wa kilo 18 kwa kuona punguzo la bei. Ulipofika Julai chini kulikuwa na tonge la kijani. Nunua kidogo, weka kwenye debe lenye mfuniko mahali pakavu, na usimwagie mbegu mpya juu ya za zamani. Zenye ukungu ziende kwenye taka, si kwa kuku.

Maji ya sukari ya ndege wavumaji yana mtihani uleule. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila rangi wala asali. Kukiwa na joto badilisha kila siku mbili au tatu. Ukiona weusi kwenye maua ya plastiki, umechelewa.

Yanayotisha bure

Agosti utaona kadinali mwekundu amekuwa kipara kabisa, ngozi nyeusi, kama tai mdogo. Hana ugonjwa, ananyonyoka tu manyoya ya kichwa kwa mkupuo. Baada ya wiki chache ameota mengine. Anayekaa chini ya dirisha ameduwaa huenda amejigonga kiooni. Mfunike kwa boksi la karatasi lenye matundu, gizani na kimya, mwangalie baada ya saa moja. Ili yasijirudie, kilishio kiwe chini ya mita moja kutoka dirishani, asipate mwendo wa kujiumiza, au zaidi ya mita kumi.

Kuosha kwenyewe

Nilikuwa namwagia jiki kilishio kichafu na kujisifu. Ni kazi bure. Jiki ikikutana na kinyesi na mafuta ya alizeti inaishia kupigana na uchafu, haiwafikii wadudu. Kwa hiyo: fungua kila kinachofunguka, banja ukoko, sugua kwa maji ya moto na sabuni, brashi ya chupa kwa ndani na mswaki wa zamani kwenye matundu. Suuza. Ndipo uloweke kwenye jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, dakika kumi, chombo chote kikiwa kimezama. Suuza tena mpaka harufu iishe, kisha kiache kikauke kabisa, siku nzima ikibidi. Usichanganye jiki na siki wala dawa yenye amonia; moshi wake ni sumu. Vaa glavu, fanyia nje, na ndoo hiyo isirudi jikoni. Kilishio cha mbao kilichopasuka hakisafishiki. Kitupe.

Kwa kawaida osha kila wiki mbili. Kukiwa na mvua, joto au msongamano, kila wiki.

Umeosha, umesubiri, bado wanaugua

Hesabu vichwa. Kama asubuhi wanapigania nafasi, tatizo ni msongamano wenyewe na hakuna sabuni itakayoliponya: punguza mbegu, au tenganisha vyombo viwili kwa mita kadhaa. Kisha ongea na jirani. Nilirudisha changu baada ya siku nne badala ya kumi na nne, kwa huruma, nikamwona mwenye jicho bovu kabla ya saa sita mchana. Theluji ilikuwa imeanguka, nikadhani watakufa njaa. Hawafi, kilishio kwao ni nyongeza, wanajua pa kwenda.

Na usiwatilie antibiotiki za kuku kwenye maji, hata kama mjomba nyumbani anaapia kwamba zinafanya kazi. Hujui nani amekunywa kiasi gani, mgonjwa anapata nafuu ya nusu na kuendelea kusambaza, na dawa inazoeleka. Kumweka ndani umtibu nako ni kosa kisheria: Marekani ndege wengi wa mwitu wanalindwa na sheria ya mwaka 1918, na wanaoruhusiwa kuwatibu ni wenye leseni. Mpigie aliye karibu nawe.

Mikono, paka na banda la kuku

Maiti iokote kwa mfuko uliogeuzwa nje ndani, funga, nawa kwa sabuni. Paka abaki ndani mpaka vifo vikome. Ukifuga kuku uani, usitundike kilishio karibu na banda hata siku moja. Mafua yanapita pande zote mbili, na tangu 2022 kuna homa kali ya mafua ya ndege Marekani. Ndege hawa wadogo hawaipati sana kama bata, lakini kuku wako hawaulizi nani kaileta.

Jirani yangu, mama mmoja Mkongomani, alinitazama nikisugua matundu kwa mswaki akauliza, "Mutoto yangu, ile ndege unalisha kila siku, utakula lini?" Nilimweleza habari za macho. Hakusema kitu. Wiki ya tatu, vilishio vikiwa vimerudi, kimoja tu, nusu yake, akanipigia simu kutoka dirishani kwake saa moja asubuhi: "Kuja uone. Iko moja haikimbie."